Nimehamia Kampala, laini ya simu imekuwa mtihani. Naombeni ushauri

Mgeni_Kisaasi
Wakuu, habari za jioni. Nina wiki ya tatu Kampala, nimetokea Bukoba. Nimepata kazi gereji Ndeeba na chumba Kisaasi, laki tatu na nusu za Uganda kwa mwezi, choo ndani. Laini ya simu nimesajiliwa na mtoto wa mwenye nyumba kwa kitambulisho chake, na mshahara unaingia humo. Kuna ubaya nikiendelea hivi miezi sita?

La pili, mita ya umeme ya Yaka inakataa tokeni. Nimenunua mara mbili, naingiza namba zote, inagoma. Chumba kilikaa kitupu tangu katikati ya 2024. Nalala na mshumaa.

FundiMita
Naanza na umeme. Yaka ndiyo Luku ya huku. Mita za aina hii zilitakiwa kusasishwa kabla ya 24 Novemba 2024, kwa sababu hesabu ya muda inayofichwa ndani ya tokeni ilifika ukomo. Chumba chako kilikuwa kitupu, hakuna aliyesasisha, ndiyo maana kila tokeni mpya inakataliwa.

Angalia risiti. Ikiwa na mafungu matatu ya tarakimu 20, mawili ya kwanza ni ya kusasisha. Ingiza la kwanza, subiri mita ikubali, ingiza la pili, halafu ndiyo tokeni ya umeme. Ukirukia la mwisho, itagoma hata ukirudia mara mia. Ikiwa na fungu moja tu, peleka namba ya mita (tarakimu 11, zimeandikwa usoni pake) ofisi ya UEDCL, ndio wanaosambaza umeme tangu 1 Aprili 2025, wakupe hayo mawili. Tokeni ulizokwisha kununua usizitupe. Mita ikishasasishwa, anza na ile uliyoinunua kwanza.

Tena yuniti zikitoka kiduchu usishtuke. Ada ya huduma ya kila mwezi hujilimbikiza chumba kikiwa kitupu, halafu hukatwa kwa mpigo kwenye manunuzi ya mwanzo. Hilo ni la mwenye nyumba, mwonyeshe risiti akurudishie. Na kununua Yaka hakuhitaji laini yako: mpe wakala namba ya mita na hela taslimu, akuchapie.

Mama_Ntinda
Mwanangu, pole na karibu. Mimi nauliza kodi. Umelipa miezi mingapi? Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inamkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi mitatu mbele. Sheria hiyohiyo inalazimisha mkataba wa maandishi kodi ikifika laki tano. Yako haijafika, lakini andikeni tu: jina, tarehe, kiasi, namba ya mita na yuniti zilizokuwemo siku unaingia. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, ujitambulishe, uwe na barua yake. Huku mgeni asiyejulikana kwa mwenyekiti ndiye wa kwanza kutajwa kitu kikipotea.

Kaka_Lugha
Ndeeba na Kisaasi mbona mbali hivyo? Unabadilisha taksi mjini, nauli nne kwa siku. Na kumbuka taksi ya huku ndiyo daladala yetu, ile ya kukodi wanaiita speshol. Posho ni ugali, usije ukamwuliza bosi posho akakuletea sahani. Salimia kwa Kiganda kwanza, "gyebale ko ssebo", ndipo uombe Kiswahili. Serikali imekikubali kiwe lugha rasmi tangu 2022, ila wazee wengi wa Kampala bado wanakihusisha na askari, wanasita kukujibu. Si chuki.

Dada_Kagera
Jamani, mbona swali la kwanza limeachwa? Ndugu Mgeni, hiyo laini ni mali ya aliyesajiliwa. Siku akienda na kitambulisho chake kuomba laini mpya ya namba hiyohiyo, ya kwako inazima, anaweka namba ya siri mpya na salio lote liko mkononi mwake. Akiwa na mkopo wa simu ambao hajalipa, mshahara wako ukiingia unakatwa. Na ukituma kitu kibaya, polisi wanamfuata yeye.

Toa hela zote leo. Ukitoa laki tatu, kodi ya serikali ni asilimia 0.5, yaani 1,500, ukiongeza na ada ya mtandao. Ni nafuu kuliko kupoteza zote.

Sasa nijibu: kwa nini hukusajili kwa pasipoti yako?

Mgeni_Kisaasi
Dada, asante. FundiMita, risiti ina mafungu matatu kweli! Nilikuwa naingiza la mwisho. Taa inawaka.

Dukani walinikataa tu. Nadhani mtandao ulikuwa chini.

Dada_Kagera
Mtandao ukiwa chini wanakwambia urudi kesho. Walikwambia nini hasa?

Mgeni_Kisaasi
Walisema hawaoni muhuri wa kuingia Uganda. Wa kutoka Tanzania upo, huu wa pili sijui walisahau. Basi lilikuwa na haraka.

Mzee_wa_Mpakani
Hii ni chai, tena haina sukari. Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, ni kituo cha pamoja cha nchi zote mbili, kilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Ukitoka Tanzania hugongewi upande wa Tanzania. Unavuka hadi jengo la upande wa Uganda, dirisha la Tanzania na la Uganda yako ukumbi mmoja. Hakuna mtu anayepata muhuri mmoja akasahauliwa mwingine, na basi haliondoki bila abiria wake. Ama hujawahi kupita hapo, ama unatutungia. Wasimamizi, fungeni uzi.

Kaka_Lugha
Mzee amenena. Na mimi nilishangaa hiyo Ndeeba na Kisaasi.

Mama_Ntinda
Msimfukuze. Mafungu matatu ya risiti mtu hatungi. Mwanangu, sema ukweli, hakuna anayekujua hapa.

Mgeni_Kisaasi
Sawa. Sina muhuri wowote. Sikuwa na kadi ya homa ya manjano, jamaa wa bodaboda akanivusha njia ya panya, nikapandia gari mbele. Niliogopa kusema.

Ila nimeshalishughulikia. Kuna mtu anaweka muhuri bila mimi kwenda, laki tatu. Nimempa nusu, pamoja na pasipoti. Kesho kutwa anairudisha. Ni mtu anayeaminika, gereji nzima wanamjua. Kwa hiyo nilitaka ushauri wa laini tu.

Dada_Kagera
Ndugu yangu, hapo ndipo penye moto, laini ni moshi. Dirishani pasipoti husomwa na mashine na safari yako inaingia kwenye kompyuta. Muhuri usio na rekodi ni wa kughushi, na atakayeukuta ataukuta kwenye pasipoti yako, si kwa huyo mtu. Kuvuka bila kugongewa ni kosa ambalo unaweza kujieleza. Muhuri bandia unakuongezea kosa zito zaidi. Usimpe nusu ya pili. Ifuate pasipoti sasa hivi, usiku huu.

Mzee_wa_Mpakani
Namwomba radhi kijana, kumbe ni kweli. Basi sikiliza. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza kuingia Uganda, kwa hiyo ulikimbia mlango uliokuwa wazi. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, kadi huanza kutambulika siku ya 10 na inadumu maisha. Siku 10 tu za subira zilikuwa zinatosha.

Halafu hata muhuri halali wa mgeni haukuruhusu kufanya kazi gereji. Bosi wako lazima akuombee kibali. Muulize mapema, maana akikwepa swali hilo, siku ya ukaguzi atakukana.

Mgeni_Kisaasi
Nimeipata pasipoti. Nilimkuta akila. Muhuri umeshagongwa, ukurasa wa 7, wino wa bluu umevuja mpaka upande wa pili. Tarehe aliyoweka ni ya siku tatu kabla sijaondoka Bukoba. Nichane ukurasa?

Dada_Kagera
Usichane, usifute, usiuonyeshe dukani wala benki. Kuharibu pasipoti ni kosa jingine. Usirudi Mutukula nayo. Andika leo kwenye karatasi: siku uliyovuka, ulipompa hela na kiasi, siku aliyokurudishia. Kesho nenda Ubalozi wa Tanzania, Nakasero, uwaeleze yote kabla hujagusa ofisi za uhamiaji. Waombe wakuelekeze kwa wakili.

Mama_Ntinda
Beba nakala ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa kama unacho, na barua ya LC1. Kunywa chai kwanza, foleni ni ndefu.

Mgeni_Kisaasi
Cheti kipo kwa mama Bukoba, nimemwomba apige picha anitumie. Laini nimeirudisha, hela nimezitoa zote. Saa mbili asubuhi nitakuwa getini Nakasero.