Naomba ushauri: mwanafunzi ameniuliza hisabati itamsaidia nini

Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati kidato cha tatu, shule ya kata. Juzi tukiwa kwenye mfuatano wa jiometri (namba zinazozidishwa kwa kiasi kilekile kila hatua), binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nataka kuwa fundi cherehani, hii itanisaidia nini?" Nikamjibu kwamba inatoka kwenye mtihani wa taifa. Jibu hilo linaniuma mpaka leo, maana kanuni ileile ndiyo inayokokotoa riba. Ukikopa 200,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba ikajilimbikiza bila kulipwa, baada ya miezi 12 deni linapita 627,000. Na mafundi cherehani ndio wanaokopa hivyo!

Shida ni muda. Silabasi ndefu, halafu wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, sasa maswali ya mafumbo yako kwa Kiingereza. Wanakwama kwenye lugha kabla hawajafika kwenye hesabu.

Walimu wenzangu, mnaunganishaje mada na maisha bila kuachwa na silabasi? Mnaanza kueleza kwa Kiswahili? Nadharia za duara ndizo zimenishinda kabisa kupatia mfano. Nisaidieni, kipindi kijacho ni Jumatatu.