Tupeane uzoefu: msimu wa 2022 wa tenisi ya wanaume ulikukuta wapi?

Kocha_wa_Naguru
Wadau, hamjambo. Nafundisha watoto tenisi hapa Kampala, na kila tukipumzika wananiuliza ni msimu upi niliufurahia kuliko yote. Jibu langu halibadiliki: 2022. Naomba tupeane uzoefu. Mechi ipi ilikushika, ulikuwa wapi, uliionaje? Hata kama uliifuata kwa simu namba zikibadilika tu, leta.

Naanza mimi. Msimu ulifunguliwa bila bingwa wake. Djokovic, namba moja wa dunia, mwenye mataji tisa ya Melbourne, alitolewa Australia tarehe 16 Januari, mashindano ya Australian Open yakianza kesho yake. Hakuwa amechanjwa Uviko, viza ikafutwa. Upande wa pili yupo Nadal, Mhispania, aliyefunga msimu wake Agosti 2021 kwa sababu ya mguu wa kushoto, na Desemba Uviko ukampata. Nani angeweka hata shilingi mia juu yake?

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 30. Huku kwetu ni mchana, na wiki hiyohiyo ndipo amri ya kutotoka usiku ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo watu walijaa kwenye kantini kama vile wametoka kifungoni. Mrusi Medvedev akachukua seti mbili. Seti ya tatu, Nadal yuko nyuma 2-3, anasevu, ni 0-40. Kwenye skrini kompyuta ikaandika kwamba Medvedev ana asilimia 96 ya kushinda. Wenzangu wawili wakalipa chai yao wakaondoka.

Niliobaki nao tuliona kitu ambacho hadi leo nawaonyesha watoto. Nadal aliacha kushindana kwa nguvu. Akaanza kukata mpira kwa mkono wa nyuma, unakwenda chini, unateleza, na Medvedev, mrefu vile na anayependa kusimama mbali kule nyuma, analazimika kuinama kila mara. Katikati ya hayo, mpira wa kudondosha nyuma ya wavu. Miguu ya Medvedev ikaanza kuchoka, tukaiona ikichoka. Seti ya tano Nadal anasevu kumaliza kwa 5-4, akavunjwa, yaani akapoteza gemu aliyokuwa anasevu. Kantini nzima ikanyamaza. Naye akamvunja Medvedev, akamaliza 7-5. Saa tano na dakika 24. Taji la 21 la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka, wa kwanza kati ya wanaume kufika hapo.

Msimamo wangu ni huu: mwaka ule, kuwepo tu uwanjani kulikuwa nusu ya ushindi. Viza, chanjo, mguu, mbavu, marufuku. Leteni yenu.

Dereva_wa_Malaba
Kocha, umenigusa. Wiki zile za Januari nilikuwa kwenye foleni ya malori upande wa Kenya, natoka Mombasa na mzigo wa Kampala. Mnakumbuka suala la vipimo vya Uviko mpakani: madereva waligoma, malori yakapangana kilomita na kilomita, na mafuta yakaadimika Kampala. Mimi nalala kwenye kabini, naoga kwa ndoo, na redio inasema mchezaji bora wa dunia amezuiwa hotelini Melbourne kwa sababu ya karatasi.

Jirani yangu wa foleni, mzee wa Eldoret, hakuwahi kuangalia tenisi maishani. Lakini kila asubuhi alikuja kugonga mlango: "Yule Mserbia wamemwachia?" Tarehe 10 mahakama ikamrudishia viza, tukashangilia pale barabarani kama mpira wa miguu. Tarehe 14 ikafutwa tena. Mzee akasema huyu na sisi tuna kesi moja. Simtetei kwa kutochanjwa, mimi mwenyewe nilikuwa nimechanjwa. Ila niliwahurumia watu wote waliokwama mahali mwezi ule, na yeye nilimweka humo. Tangu hapo nafuatilia tenisi.

Mapokezi_Entebbe
Kocha shikamoo. Mimi ni Roland Garros, mashindano ya Paris, robo fainali, Djokovic na Nadal. Nilikuwa zamu ya usiku hotelini, na wageni wa ndege za alfajiri hawalali, wanakaa ukumbini na mabegi yao. Mechi ilianza kama saa nne usiku kwa saa zetu, ikaisha baada ya saa nane. 6-2, 4-6, 6-2, 7-6.

Kilichonikaa ni seti ya nne. Djokovic alikuwa anaongoza 5-2, kila mtu pale ukumbini anasema tunaenda ya tano. Nadal akaokoa pointi ambazo zingempa Djokovic seti, akarudi, akamaliza kwenye taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6. Alikuwa ametangulia kusema kwamba huenda hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho pale Paris, kwa sababu ya ule mguu. Mgeni mmoja, mama wa makamo anayerudi Madrid, alikuwa anashika mkono wangu kila pointi, na mimi nina funguo za watu mkononi! Gari lake la uwanja wa ndege lilisubiri nje, dereva naye akaingia kuangalia.

Halafu nusu fainali, yule Zverev. Hiyo sitaki kuieleza sana. Saa tatu na zaidi wamecheza, seti ya kwanza Nadal, ya pili wako kwenye 6-6, kifundo cha mguu kikapinda. Sauti yake ilisikika ukumbi mzima. Akarudi kwa magongo kumpa mwenzake mkono. Fainali dhidi ya Ruud ilikuwa 6-3, 6-3, 6-0, taji la 14 la Paris, na baadaye tukaambiwa mguu ulikuwa umechomwa sindano za ganzi, hausikii kitu.

Kocha_wa_Naguru
Marahaba mwanangu. Hapo kwa Zverev hata mimi nilizima runinga nikatoka nje.

Mahesabu_Tororo
Niruhusuni nipinge kidogo. Mnaufurahia msimu, sawa, lakini orodha ya dunia ya mwaka ule ilipinda, na lazima tulisema. Wimbledon, mashindano ya London, iliwazuia Warusi na Wabelarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine. ATP, chama cha tenisi ya wanaume, ikajibu kwa kuondoa pointi zote za orodha. Sasa piga hesabu. Djokovic anashinda Wimbledon, anamfunga Kyrgios seti tatu kwa moja, anapata sifuri. Wakati huohuo zile 2,000 za mwaka 2021 zinadondoka. Bingwa anatoka na kombe mkononi, anashuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya saba! Medvedev naye, aliyekuwa namba moja wiki ileile, hakuruhusiwa hata kuingia getini. Ongeza kwamba Djokovic hakuweza kuingia Marekani bila chanjo: Indian Wells, Miami, Cincinnati, New York, zote hakucheza. Kisha Septemba tunaambiwa kijana wa miaka 19 ndiye bora duniani. Alcaraz nampenda. Lakini njia ilifagiliwa.

Kocha_wa_Naguru
Ndugu wa Tororo, hesabu zako ni sahihi, na juu ya Wimbledon tuko pamoja: adhabu iliwaangukia waliocheza. Hapo kwenye kufagiliwa ndipo nakukatalia.

Angalia Madrid. Tarehe 5 Mei kijana anatimiza miaka 19. Tarehe 6 anamfunga Nadal. Tarehe 7 anamfunga Djokovic, saa tatu na nusu hivi, taibreki ya mwisho. Tarehe 8 anampa Zverev 6-3, 6-1. Hakuna aliyewahi kuwafunga Nadal na Djokovic katika shindano moja la uwanja wa udongo. Djokovic alikuwepo, ssebo, na akafungwa.

Kisha New York, kwenye US Open. Mechi tatu mfululizo za seti tano: Cilic, Sinner, Tiafoe. Ile ya Sinner wengi wenu mliiona, kwa sababu ilianza kwetu alfajiri na ikaisha karibu saa nne asubuhi, kule kwao ni saa nane na dakika 50 usiku. Sinner alibakiza pointi moja kumaliza katika seti ya nne. Moja tu. Watoto wangu walikuwa wametoroka wamejazana kwenye simu yangu iliyopasuka kioo, nikawaacha.

Baada ya wiki ile, kazi ilikuwa kuwazuia wasipige mpira wa kudondosha kila pointi kama Alcaraz. Mipira yetu imekwisha manyoya, hairuki vizuri, kwa hiyo kila wakidondosha inakufa palepale na mwenzao anaanguka akiikimbilia. Kuna binti wa miaka kumi ambaye sasa anaficha raketi vizuri kabisa: anainua kama anataka kupiga kwa nguvu, analegeza kifundo cha mkono dakika ya mwisho. Hilo sikumfundisha mimi. Alilitoa New York.

Mwalimu_Arua
Kwangu msimu ni Tiafoe, na najua siko peke yangu. Wazazi wake walitoka Sierra Leone. Baba alikuwa kibarua katika ujenzi wa kituo cha tenisi huko College Park, Maryland, kikaisha akabaki kama mtunzaji wa jengo, akapewa chumba cha ofisi. Frances na pacha wake wakalala humo siku nyingi za utoto wao, na asubuhi viwanja viko mlangoni.

Siku alipomtoa Nadal raundi ya nne, seti tatu kwa moja, nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Mwenye kibanda hakutaka kabisa kuweka tenisi. Tuliomba watatu, tukamlipa bei ya watu kumi. Kufikia seti ya tatu kibanda kimejaa, waendesha boda wameacha pikipiki nje, mtu anauliza kwa nini wanahesabu 15, 30, 40, namweleza, anamweleza mwenzake kwa Kilugbara. Tiafoe aliposhinda akakaa kwenye kiti akajifunika uso kwa taulo, na mzee mmoja aliyekuwa hajui hata jina lake akasimama kupiga makofi. Alifika nusu fainali, Mmarekani wa kwanza wa kiume kufika hapo New York tangu Roddick 2006, akamsukuma Alcaraz hadi seti ya tano.

Mwaka huohuo, Novemba, Canada wakachukua Davis Cup, kombe la mataifa, kwa mara ya kwanza, na aliyewabeba ni Auger-Aliassime, ambaye baba yake ni Mtogo. Sisi wa shule za huku tunayahitaji majina haya. Nimeyabandika ukutani darasani.

Babu_wa_Jinja
Federer. Tarehe 23 Septemba, London, Laver Cup, mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Walicheza wawiliwawili, yeye na Nadal, dhidi ya Sock na huyohuyo Tiafoe wa Mwalimu. Walipata pointi ya kumaliza mechi, wakaikosa, wakafungwa 11-9 mwishoni. Kwetu ilikuwa usiku wa manane. Mke wangu aliamka akanikuta nalia, akaketi, akaniuliza huyu anayelia pembeni ya Federer ni ndugu yake? Nikamwambia huyo ndiye aliyempa taabu kuliko wote. Wameshikana mikono.

Duka_la_Mubende
Babu pole. Siku tatu kabla ya hiyo mechi yako ndipo Ebola ilitangazwa kwetu Mubende. Katikati ya Oktoba tukafungiwa, wilaya yetu na Kassanda: hakuna kusafiri, na kuanzia saa moja jioni hakuna kutoka. Tulizika watu. Sitasema mengi juu ya hilo hapa.

Nataka kusema juu ya Novemba 6, fainali ya mashindano ya Paris ya uwanja wa ndani, Djokovic na Holger Rune. Ilianza saa kumi na moja jioni. Niliangalia dukani kwa jirani nikiwa nimesimama mlangoni, umbali kama tulivyoelekezwa. Djokovic akachukua ya kwanza, Rune ya pili. Saa moja inakaribia, jirani anafunga, nikakimbia nyumbani na kuendelea kwa simu, namba tu.

Gemu ya mwisho kabisa, Rune anasevu kwa 6-5. Inafika sawa (40-40), faida ya Djokovic, sawa, faida ya Djokovic, sawa. Mara sita Djokovic alipata nafasi ya kumvunja. Bando linakaribia kuisha. Nilikuwa naangalia namba mbili zinapanda na kushuka zaidi ya robo saa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikuwa nafikiria kingine chochote. Akamaliza. Miaka 19, amewatoa watu watano wa kumi bora katika shindano moja, na raundi ya kwanza kabisa Wawrinka alikuwa amepata pointi tatu za kumaliza mechi dhidi yake! Namshukuru kijana yule kwa dhati.

Fundi_wa_Nyuzi_Ntinda
Casper Ruud humu ametajwa kama mtu anayefungwa tu. Naomba nimtetee. Mwaka ule alicheza fainali ya Miami, ya Roland Garros, ya New York na ya Turin, lile shindano la wanane bora mwishoni mwa mwaka. Alizikosa zote nne, mbili mbele ya Alcaraz, moja kwa Nadal, moja kwa Djokovic. Nitajieni mwingine aliyefika kote huko. New York mshindi alikuwa anapata kombe na nafasi ya kwanza duniani kwa pamoja, na seti ya tatu Ruud alipata pointi mbili za seti. Alcaraz akaziokoa wavuni.

Lakini kabla ya hapo, seti ya kwanza, kulikuwa na mpira mmoja ambao Ruud aliufikia ukiwa umedunda mara mbili. Mwamuzi hakuona. Ruud mwenyewe akasema umedunda mara mbili, chukua pointi. Kwenye fainali ya Grand Slam, na nafasi ya kwanza duniani iko mezani. Nafunga nyuzi za raketi za watu kila siku, nasikia ugomvi wa mistari na midundo ya klabu kila jioni. Kocha, hiyo waonyeshe watoto.

Kocha_wa_Naguru
Nitawaonyesha Jumamosi, fundi. Na uje na mashine yako, nina raketi nne zimekatika.