Nataka kuuza sabuni ya kuua bakteria kwa jina langu hapa Minnesota, nianzie wapi?

Mama Zai
Wakubwa shikamooni, wa rika langu hamjambo. Nina kaduka hapa Minneapolis, unga, mchele, viungo. Nimepata kiwanda Ohio kinachotengeneza sabuni ya maji ya kunawia mikono, ndani ina dawa ya kuua bakteria, benzalkonium chloride 0.13%. Wanatengeneza wao, jina langu. Chupa zenye lebo ni ghali kidogo, zisizo na lebo ni nafuu, kwa hiyo nikapanga nibandike mwenyewe chumba cha chini. Lebo nimeshaichora: "Inaua bakteria" kwa Kiswahili, herufi kubwa, chini yake "FDA Approved". Kuna jamaa mtandaoni anataka dola 900 anipatie cheti cha FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Nimlipe? Nawasilisha.

Fundi_Lebo
Dada, usimpe hata senti. FDA haitoi cheti cha usajili, hiyo karatasi anaichapa mwenyewe. Na "FDA Approved" ifute leo hii. Kusajiliwa si kuidhinishwa, na ukijinadi kwa usajili kana kwamba umepewa idhini, bidhaa yako inahesabika ina lebo ya kupotosha.

Ujue pia umeingia wapi. Ukishaandika kwamba inaua bakteria, kwa sheria za Marekani hiyo ni dawa, ile inayouzwa bila cheti cha daktari. Ungeandika inatakatisha mikono tu, huenda isingehesabika kuwa dawa.

Mjomba wa Saint Paul
Mimi nafungasha dawa kiwandani mwaka wa saba huu. Hapo kwenye kubandika ndipo utaumia. Anayeagiza na kuuza tu hahitaji kusajili kituo. Anayebandika lebo anahesabiwa kama kiwanda: asajili mahali pake, ahuishe kila mwaka kati ya Oktoba 1 na Desemba 31, afuate masharti yote ya uzalishaji wa dawa. Sasa mkaguzi aje akute chupa zimepangwa juu ya mashine ya kufulia! Chukua zenye lebo.

Wewe unachohitaji ni namba yako ya mwenye lebo, ndiyo inayoanza kwenye NDC, namba ya utambulisho ya kila dawa. Tafuta DUNS kwanza, namba ya kutambulisha biashara, ni bure, halafu omba namba ya mwenye lebo kupitia CDER Direct, tovuti ya FDA, nayo bure. Kuiorodhesha sabuni FDA ni wajibu wa kiwanda, lakini chini ya namba yako. Waulize kwa maandishi kama watafanya.

Mama Zai
Asante mjomba. Na Kiswahili je? Wateja wangu wengi ni wa nyumbani.

Fundi_Lebo
Hapo wengi wanateleza. Kiingereza ni lazima. Kiswahili unaruhusiwa, ila ukiweka dai hata moja kwa Kiswahili, basi kila kinachotakiwa na sheria kiwepo kwa Kiswahili pia, maonyo na maelekezo yote. Kwenye chupa ya wakia 8 sijui utayapenyeza wapi, maana jedwali la Drug Facts peke yake linakula mgongo mzima: kiambato tendaji na kazi yake, matumizi, maonyo, maelekezo, viambato vingine. Herufi zisipungue pointi 6, vichwa vya sehemu pointi 8.

Jina lako litanguliwe na "Distributed by", na pawe na anwani au simu ya hapa Marekani. Mtu akidhurika vibaya akakupigia, una siku 15 za kazi kuripoti FDA. Wewe, maana jina ni lako.

BintiKariakoo
Shoga, hakikisha hawakubadilishii dawa ya ndani. Mimi niliuziwa katoni 40 za sabuni ya mche kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Kumbe ndani ni triclosan. Minnesota ilishaipiga marufuku tangu Januari 2017, FDA nayo ikaiondoa kwenye sabuni za kunawa Septemba mwaka huohuo. Hiyo benzalkonium yako FDA iliiweka kiporo, uamuzi bado, kwa hiyo bado inauzwa. Zangu niliishia kuzipeleka kituo cha taka za sumu.

Mama Zai
Pole shoga. Nimewapigia Ohio: lebo wanaweka wao kwa senti 14 zaidi kila chupa, na kuorodhesha watafanya. Kiswahili nakiacha, nitabandika karatasi ukutani dukani.

Mjomba wa Saint Paul
Hiyo karatasi nayo ni tangazo, mama. Isiseme zaidi ya kinachosemwa na lebo. Ukiandika inatibu fangasi, umerudi mwanzo.

Fundi_Lebo
Na mchoro utume hapa kabla hawajachapa.