Mshale wa mafuta ukigusa E (tangi tupu), gari inaenda umbali gani?

Mnyamwezi_Road: Wakuu, gari ya petroli, injini ya cc 1500, taa ya mafuta imewaka nikitoka Tabora mjini. Naweza kufika Urambo?

FundiGeji: Hapana, mkuu. Ni kama kilomita 90. Taa ikiwaka, gari ndogo nyingi hubaki na lita 5 hadi 8. Kwa lita 1 kilomita 12, lita 5 ni kilomita 60, tena kwa mwendo wa 80 bila AC. Pima ya kwako: taa ikiwaka tu, nenda sheli ujaze hadi nozeli ya kujazia ikate yenyewe. Tangi la lita 42 likipokea 36, zilikuwa zimebaki 6. Kitabu cha gari kinataja ujazo wa tangi.

Mzee wa Mwanga: Nyongeza. Geji inasoma boya linaloelea ndani ya tangi, kwa hiyo kwenye mlima au kona mshale hudanganya. Soma gari ikiwa imesimama tambarare. Halafu kwenye gari nyingi za petroli pampu ya mafuta iko ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Ukizoea kukaa kwenye E, pampu inavuta hewa, inapata moto, inakufa mapema. Bei ya pampu unaijua.

Mnyamwezi_Road: Na dizeli?

FundiGeji: Hiyo usithubutu kabisa. Ikikauka, upepo unaingia kwenye mfumo. Hata ukimimina lita 10 haiwaki. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye filta, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza, ndipo upige stata.