Naombeni ushauri: mume wangu amebadilika tangu agongwe na gari

MamaTriza: Wadau habari za jioni. Niko Busia, upande wa Uganda. Mume wangu anaendesha boda. Mwezi uliopita aligongwa na gari barabara ya Tororo, akazimia kidogo, akaamka. Hospitali wakamshona paji la uso, wakampa dawa za maumivu, tukarudi nyumbani. Sasa anasahau. Anamtuma mtoto dukani, mtoto akirudi anamuuliza ametoka wapi. Alikuwa mpole, leo redio ikipiga kelele anarusha kikombe. Wakili anachukua kiasi gani, na naweza kumshtaki mwenye gari bila kufika Kampala?

Dereva Mstaafu: Pole mama. Ila hawa vijana wa boda wanatutesa. Mimi nimevuta trela Mombasa hadi Kigali, unatazama kioo hakuna mtu, ukitazama tena kijana yuko chini ya tairi. Helmeti wanavalisha kiwiko.

MamaTriza: Mzee, helmeti alivaa. Ilipasuka.

Kijana wa Majanji: Kusahau tu? Baba yangu anasahau hadi majina yetu na hajawahi kupanda boda. Chunguza simu yake, dada.

Nesi Tororo: Utani tuuweke kando. Mama Triza, kichwa kinamuuma? Anatapika? Analala kupita kawaida? Kuna mkono au mguu uliolegea?

MamaTriza: Kichwa kila asubuhi. Usingizi mwingi, hata mchana. Mkono wa kulia anaangusha vitu, ila nadhani ni bega. Hospitali walisema ni mzima.

Nesi Tororo: Siku ile huenda alionekana mzima kweli. Kuna damu inayovuja polepole kati ya ubongo na utando wake, inajikusanya kwa wiki kadhaa. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Mgonjwa anaanza kusahau, anakuwa mkali, analala, upande mmoja unalegea. Haionekani kwa macho, inataka picha ya CT, ile mashine inayopiga picha ndani ya kichwa. Ikigunduliwa mapema, fuvu linatobolewa, damu inatolewa, na wengi hupata nafuu. Aspirini asipewe. Mpeleke hospitali ya rufaa Mbale. Wakishindwa watakuandikia rufaa ya hospitali ya Mulago, Kampala.

Wakili Mdogo: Nakubaliana na Nesi, matibabu kwanza. Tena karatasi za hospitali ndizo ushahidi. Chukua taarifa ya ajali kwa polisi wa barabarani, fomu PF3 ya polisi inayoeleza majeraha ijazwe na daktari, tunza kila risiti. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3. Gari likiwa la serikali ni miaka 2. Bima ya lazima usiitegemee sana, sheria ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo unamdai dereva na mwenye gari. Kama huna pesa, uliza msaada wa kisheria wa Uganda Law Society au Justice Centres. Kuna karatasi yoyote mliyosaini?

MamaTriza: Hilo linahusiana vipi na kichwa?

Wakili Mdogo: Linahusiana na kesi yote. Mlisaini?

MamaTriza: Mwenye gari alikuja na mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, wiki moja baada ya ajali. Alitupa milioni moja na nusu, mume wangu akaweka dole gumba kwamba hatudai tena. Msinihukumu. Nililipa karo na deni la pikipiki, siwezi kurudisha. Na Jumamosi tunakwenda kwa mtumishi wa Mungu, nauli nimeshalipa. Ndugu zake wanasema ni mkono wa mtu.

Hajat Arua: Mwanangu, pesa ya damu mnakula halafu mnatafuta mchawi? Ndoa ni amana.

Mtazamaji: Mimi uzi huu siuamini. Mwaka jana humu humu ulituambia mumeo ni katibu wa kikundi cha akiba, anaandika vitabu vyote. Katibu gani anaweka dole gumba? Hili ni tangazo la mawakili.

Kijana wa Majanji: Duh. Jibu hilo, dada.

MamaTriza: Ni katibu kweli. Siku ile kalamu ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mwenyekiti akasema basi, aweke dole.

Nesi Tororo: Mama, basi si bega. Huo mkono una zaidi ya wiki mbili na unaendelea. Jumamosi ni mbali. Mtumishi atamwombea akitoka hospitali.

Wakili Mdogo: Na hiyo kalamu mwambie daktari aiandike. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka anayefunga mkataba awe na akili timamu. Ikithibitika ubongo ulikuwa umeumia, kuna hoja ya kuipinga ile karatasi. Pesa mliyotumia inaweza kukatwa kwenye fidia, isikuzuie kwenda.

Mtazamaji: Kama ni kweli, pole. Bado nina shaka.

MamaTriza: Uwe na shaka, kaka. Mimi nalala naye chumba kimoja. Shemeji hataki tukose maombi, lakini Mbale kesho nitaenda.

Dereva Mstaafu: Nina kijana anateremka Mbale na gari saa kumi na moja alfajiri. Nakuandikia pembeni, hutalipa.

Nesi Tororo: Asante mzee. Mama, usiku huu mwamshe kila baada ya muda, umuulize jina la Triza. Akitapika, akitetemeka mwili au ukishindwa kumwamsha, usingoje gari la alfajiri. Mkimbize hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na uwaambie neno "kichwa" kabla ya neno "bega".