Mrejesho: atenololi na baridi ya vidole vya mama

Nawashukuru mliojibu swali langu kuhusu mama, ambaye mikono na miguu yake ilianza kuwa ya baridi baada ya kuanzishiwa atenololi, dawa ya kundi la vizuia-beta, kwa ajili ya shinikizo la juu la damu. Daktari ameeleza kwamba dawa hiyo huzuia adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, isiuchochee moyo, hivyo mapigo hupungua kasi na nguvu, na figo nazo hutoa kidogo renini, kemikali inayochangia kupandisha shinikizo. Shinikizo hushuka, lakini damu inayofika vidoleni huweza kupungua. Alisisitiza, na hili ndilo lililonishtua, kwamba kuiacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Kwa hiyo dozi inapunguzwa taratibu, huku mama akianzishiwa amlodipini, ambayo hutanua mishipa.