Andastia ya kiwandani kwenye gari jepesi la michezo: iondolewe au iachwe?

Kemba Hasi
Nazungumzia Lotus Elise ya kizazi cha pili, tairi za mbele 175/55R16, za nyuma 225/45R17. Kona ya mwendo wa kati, pua inateleza nje, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na ukizidi kuukata unakwangua tairi tu bila gari kugeuka. Hiyo ndiyo andastia, na kiwanda kiliiweka makusudi: kemba ya mbele (mlalo wa gurudumu kwa digrii; hasi maana yake juu limeingia ndani) ni kama hasi 0.3, ya nyuma hasi 1.8. Msimamo wangu: andastia hiyo iondolewe yote, maana iliwekwa kwa ajili ya wasiojua kuendesha. Mpango ni kemba ya mbele hasi 1.2 na tou ya nyuma (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) sifuri. Mwenye hoja aje nayo.

Mzani
Kemba nakuunga mkono. Tou ya nyuma sifuri, usithubutu. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa gari hilo uko nyuma. Ukikanyaga breki, bushi hulegea kidogo na gurudumu linaelekea kufunguka nje. Ile milimita 1.2 ya tou ya ndani kila upande ndiyo akiba yako. Ukiifuta, siku utakayoachia mafuta katikati ya kona mkia utakutangulia.
Halafu jibu hili kabla hujashika spana: pua inateleza kwenye kona za pande zote mbili, au za upande mmoja?

Bi Usukani
"Wasiojua kuendesha" ni kauli ya dharau. Barabara ya umma ina mvua, ina mchanga kwenye kona, ina mtoto anayekatiza ghafla. Mtu akishtuka huachia mafuta na kukaza usukani, awe bingwa wa mashindano au aliyepata leseni jana. Gari lenye andastia kidogo likiachiwa mafuta, uzito unakwenda mbele na pua inashika tena. Lililovuliwa andastia yote linazunguka. Kumbuka Chevrolet Corvair ya 1960: injini nyuma, ekseli za kubembea, na stabilaiza ya mbele (fimbo inayopunguza gari kulala konani) haikuwa ya kawaida hadi modeli ya 1964. Watu walilipa kwa maisha yao.

Kemba Hasi
Dada, Corvair na Elise wapi na wapi? Injini ya Corvair inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, ya Elise iko mbele yake. Elise ina mikono miwili yenye umbo la V inayoshika kila gurudumu, haina ekseli ya kubembea inayokunja gurudumu chini ya gari. Na serikali ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 1972 kwamba Corvair haikuwa mbaya kuliko magari ya rika lake. Usitutishe kwa gari la miaka ya 60.

Bi Usukani
Ripoti hiyo iliipima Corvair iendeshwe kama ilivyo. Jiulize iliwezaje kuwa salama. Kiwanda kiliagiza hewa ya psi 15 mbele na 26 nyuma, tairi zikiwa baridi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotengeneza andastia. Wamiliki na mafundi wakajaza sawasawa mbele na nyuma, na kinga yote ikayeyuka. Ndicho unachotaka kukifanya kwa spana badala ya pampu.

Spana 17
Hapo kwenye hewa ndipo mnapotuchanganya. Kila mtu hapa anajua kwamba pua ikiteleza unapunguza hewa ya mbele ipate mshiko. Sasa dada anasema psi 15 mbele ndiyo iliyoleta andastia. Moja kati ya hizo ni uongo.

Mzani
Zote ni kweli, mkuu. Hewa ikipungua, ukuta wa tairi unalegea, na tairi linahitaji kupinda zaidi kabla halijatoa nguvu ileile ya kukata kona. Kwa hiyo katika mwendo wa kawaida gari linakuwa zito kugeuka: hiyo ndiyo Corvair. Lakini ukifika kwenye kikomo cha mshiko, tairi lililojazwa kupita kiasi linabebwa na katikati peke yake, na kulipunguza hewa kunarudisha mabega yake chini. Elise inakwenda na psi 26 mbele na 29 nyuma, baridi, kwenye tairi zake za kiwandani. Mbele hapo pameshakuwa chini. Ukishuka hadi 22 tairi litavimba pembeni na usukani utachelewa. Cheza na psi 1 au 2 tu.

Spana 17
Maneno hayo utayathibitishaje bila kipimo? Chukua kipimajoto cha sindano, uichomeke ndani ya mpira mara tu gari linaposimama, sehemu tatu: bega la ndani, katikati, bega la nje. Katikati pakiwa na joto kuliko mabega yote mawili, hewa imezidi. Bega la nje likiwa na joto kuliko la ndani, kemba haitoshi. Kile cha miale kinasoma ngozi ya juu, nayo inapoa ndani ya sekunde chache. Na hewa ipimwe baridi, tena kivulini: kila nyuzi 5 hadi 6 za joto ni karibu psi 1. Wengi wanafukuza psi 2 ambazo ni jua tu.

Kemba Hasi
Tunaongea hewa tangu saa ngapi? Nimesema kemba. Na sasa naongeza: kuinua nyuma milimita 10 ili uzito uhamie mbele.

Mzani
Uzito gani? Piga hesabu. Umbali kati ya ekseli ni milimita 2300. Kitovu cha uzito weka milimita 450 kutoka chini. Ukiinua nyuma 10, kitovu kinasogea mbele kama milimita 2. Kwa gari la kilo 900 hiyo ni chini ya kilo moja iliyohamia mbele. Kuinua nyuma kunafanya kazi, ila kwa sababu nyingine: kitovu cha kulalia cha nyuma (nukta ambayo gari hulala likiizunguka) kinapanda, tairi ya nyuma ya nje inabebeshwa mzigo mapema, mshiko wa nyuma unapungua. Maana yake hujaongeza kitu mbele, umepunguza nyuma. Na ukigusa kimo, tou na kemba zote zimebadilika, kwa hiyo pima upya.

Bi Usukani
"Umepunguza nyuma." Asante Mzani, ndilo nililokuwa nalisema tangu mwanzo. Kuna njia mbili za kuua andastia: kuipa mbele mshiko, au kuinyang'anya nyuma. Ya kwanza siipingi. Ya pili kwenye barabara ya umma naipinga mpaka kesho. Gari hilo halina mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuzunguka. Marekani uliwekwa kuwa lazima kwa magari mapya Septemba 2011, na Elise hiyo ni ya kabla ya hapo.

Spana 17
Basi kuipa mbele mshiko ni hivi. Vibati vya kupangia kemba viko kati ya kiti cha boljointi ya juu na kishikio cha gurudumu. Ukitoa kibati, sehemu ya juu ya gurudumu inaingia ndani na kemba inakwenda hasi. Toa idadi sawa kushoto na kulia, funga kwa spana ya kipimo kwa kiasi cha kitabu. Kemba ikibadilika tou ya mbele nayo imehama, usiondoke hapo bila kuirudisha sifuri. Hasi 1.0 inatosha barabarani. Zaidi ya hapo breki za ghafla zinaanza kukosa eneo la kukanyagia.
Tairi za mbele 195/50R16 nazo zinasaidia. Kipenyo kinazidi cha 175/55 kwa milimita 2 na nusu tu. Rimu ya inchi 5.5 ndiyo ya chini kabisa kwa saizi hiyo, kwa hiyo ukuta utatokeza kidogo. Kata usukani hadi mwisho pande zote uone kama haligusi bitana ya bodi.

Kemba Hasi
Na stabilaiza ya nyuma? Elise ina ya mbele peke yake. Ukifunga ya nyuma umemaliza kazi.

Spana 17
Umemaliza gari. Stabilaiza ya nyuma inanyanyua gurudumu la ndani. Bila difu ya kubana (inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake), gurudumu hilo likinyanyuliwa linazunguka bure na nguvu yote inapotelea hapo, unatoka konani umechelewa kuliko ulivyoingia. Ya mbele nayo usiilegeze kabla ya kuweka kemba: gari likilala zaidi, tairi yenye hasi 0.3 inasimama kwa bega la nje.

Kemba Hasi
Sawa, tou ya nyuma naiacha milimita 2.4 kila upande.

Mzani
2.4 ni jumla ya pande mbili! Kila upande ni 1.2. Ukiweka 2.4 kila upande umeongeza andastia uliyokuja kuifukuza. Na swali langu hujalijibu.

Kemba Hasi
Kona za kulia. Za kushoto linageuka vizuri.

Bi Usukani
Kwa hiyo kiwanda hakikuwa na kosa.

Mzani
Na kemba unayotaka kuiweka sawa pande zote haitaliondoa hilo. Pua ikiteleza kona za kulia tu, kwanza hakikisha tairi mbili za mbele ni za aina moja na umri mmoja, na kemba zake zinalingana. Zikiwa sawa, ulalo (jozi ya magurudumu ya mshazari) wa mbele kushoto na nyuma kulia umebeba mzigo kuliko ule mwingine. Weka gari kwenye mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, sakafu iliyosawazishwa, tanki nusu, mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva kwenye kiti. Chomoa linki za stabilaiza kabla ya kusoma chochote, maana ikiwa imejipinda inakudanganya. Halafu shusha vikombe vya springi vya ulalo mzito na upandishe vya ulalo mwepesi, mzunguko uleule kwenye vyote vinne ili kimo kisihame. Linki zirudishwe gari likiwa limesimama na mifuko ikiwa kitini, boliti iingie kwa mkono bila kugongwa. Isipoingia kwa mkono, rekebisha urefu wa linki.